Moshi, mvua na begi mgongoni: maswali mnayoniuliza kila kiangazi

Mi natokea Moshi, ile iliyo chini ya Kilimanjaro, kwa hiyo utani wa jina nimeshausikia wote, msijisumbue. Siku hizi nakaa Kent, kusini mwa Seattle, na tuna kakikundi ketu ka Waafrika Mashariki tunaopenda kubeba begi na kwenda kulala siku tatu nne kwenye milima ya Cascades. Kila Julai ikifika simu yangu haipumziki, maswali ni yale yale, nikaona niyaandike yote mara moja afu atakayeuliza tena namtumia hii.

Niende mwezi gani ili nisikutane na moshi wa mioto ya misitu?

Mwezi wa uhakika haupo. Njia za juu zinabaki na theluji mpaka katikati ya Julai, na moshi mara nyingi unaanza kuchachamaa Agosti na Septemba, kwa hiyo ukitaka kubahatisha vizuri lenga wiki za mwisho za Julai. Utalipa kwa mbu lakini, mbu wa huku ni wengi kama wametumwa, uzuri wao hawana malaria. Afu usije ukadhani Septemba ikiisha na moshi umeisha, Oktoba 2022 Seattle hapa hapa ilikuwa inaongoza dunia nzima kwa hewa mbaya kati ya miji mikubwa, watu tunaenda kazini na barakoa, mpaka mvua ilipokuja ndo tukapumua.

Nimeshinda bahati nasibu ya kibali cha kulala Enchantments, yale maziwa ya juu ya Cascades! Moshi ukija nifanyeje?

Hongera kwanza, maana wengine tunaomba kila mwaka tunaambulia patupu. Ila hapa ndo penye shida yenyewe, nisikilize vizuri. Kibali unaomba Februari, majibu yanakuja Machi, safari yenyewe Agosti, na hakuna mtu duniani anayejua mwezi wa tatu kwamba radi itapiga wapi na kuwasha moto mwezi wa nane. Sasa wewe umeshaomba ruhusa kazini, umenunua viatu, umewaambia watu wote kanisani, siku inafika hewa ni mbaya, unaanza kujidanganya. Oh asubuhi itakuwa imeondoka. Oh juu kule hewa ni safi. Sisi tulishafanya huo ujinga, namba ya ubora wa hewa (nitaieleza chini) pale Leavenworth, mji ulio chini ya milima hiyo, ilikuwa 160 na kitu tukaenda hivo hivo kwa sababu ya kibali, siku ya pili shemeji yangu anakohoa usiku kucha, mi kichwa kinagonga kama ngoma, ziwa Colchuck lile ambalo watu wanaliwekea picha tuliliona kama chai ya maziwa. Tukashuka.

Tangu siku ile safari yetu moja ni safari tatu kwenye karatasi. Ya kwanza ndo ile ya kibali. Ya pili lazima iwe upande mwingine kabisa wa milima, na kwetu huwa ni pwani ya Olympic, manake upepo wa kawaida wa huku unatoka bahari ya Pasifiki kuingia nchi kavu, kwa hiyo siku nyingi ambazo Chelan na Wenatchee, upande wa mashariki wa milima, wanazama kwenye moshi, pale Rialto Beach unavuta hewa yenye chumvi safi kabisa. Kule nako kuna kibali chake, kuna lile kopo gumu la kuficha chakula wanyama wasikifikie lazima ubebe, na jedwali la maji kupwa na kujaa uwe nalo mkononi kwa sababu kuna rasi hazipitiki maji yakijaa. Watu wa Tanga na Mombasa hapo hamhitaji somo. Ya tatu ni kubaki nyumbani, na hiyo nayo tunaiandika kabisa, tunapanga nani anapika, ili isionekane kama tumeshindwa.

Hiyo AQI ni kitu gani, na ikifika ngapi narudi?

Ni namba ya ubora wa hewa, inaanzia 0 inapanda. Mpaka 50 ni kijani, hewa nzuri. 51 mpaka 100 njano, ya wastani. 101 mpaka 150 rangi ya chungwa, mbaya kwa wenye pumu, watoto, wazee, wajawazito na wenye ugonjwa wa moyo. 151 mpaka 200 nyekundu, mbaya kwa kila mtu. Inakuja zambarau mpaka 300, na zaidi ya hapo ni hatari tupu. Kwenye moshi wa msitu kinachopimwa hasa ni zile chembe ndogo za mikroni 2.5 kushuka chini, unywele wako mmoja una upana wa mikroni 50 mpaka 70, kwa hiyo piga hesabu jinsi zilivyo ndogo, zinapita puani na kooni mpaka ndani kabisa ya mapafu.

Kitu watu wanasahau ni kwamba ushauri mwingi unamfikiria mtu wa mjini ambaye akiona hewa mbaya anaingia ndani anafunga madirisha. Hema halina madirisha ya kufunga. Na ukiwa unapanda mlima na kilo 15 mgongoni unavuta hewa mara kadhaa zaidi ya mtu aliyekaa kwenye kochi, tena usiku unalala humo humo. Ndo maana namba zetu ni kali kidogo: chini ya 100 tunaenda, 100 mpaka 150 wanaenda wenye afya tu tena njia fupi ambayo unaweza kutoka siku hiyo hiyo, ikizidi 150 hatuendi hata kama kibali kimesainiwa na malaika. Wewe weka namba zako, ila ziandike ukiwa nyumbani wiki moja kabla, usizitunge ukiwa umeshaegesha gari pale njia inapoanzia maana hapo kila namba utaiona ndogo.

Naangalia wapi? Kuna apu milioni.

Mi naangalia vitu vitano, na kwa mpangilio huu.

Ramani ya moto na moshi ya AirNow, tovuti ya serikali ya Marekani, ndo ya kwanza, inaonyesha hewa ilivyo sasa hivi. Ina vituo vikubwa vya serikali na pia vile vipimo vidogo ambavyo watu wamefunga majumbani kwao, na hivi vidogo ndo vinatusaidia sana kwa sababu milimani vituo vikubwa ni vichache. Bonyeza kipimo kilicho karibu na njia yako uangalie na grafu ya siku zilizopita, utajua kama moshi unakuja asubuhi tu au umehamia moja kwa moja.

Ya pili ni HRRR-Smoke, modeli ya kompyuta ya NOAA, idara ya Marekani ya bahari na anga, hii inatabiri moshi utaelekea wapi. Inajisasisha kila saa, na kila baada ya masaa sita inatoa utabiri unaofika masaa 48. Ni nzuri sana lakini ielewe: inaanza na mioto ambayo setilaiti zimeshaiona. Moto utakaowashwa kesho na radi au na mtu mmoja na fataki zake, modeli haiujui. Kwa hiyo ikikuonyesha weupe mtupu maana yake hakuna moshi kutoka kwenye mioto iliyopo, basi.

Tatu, Watch Duty, apu ya shirika lisilo la faida, kuna watu kule wanasikiliza redio za zimamoto na kuandika kila kinachoendelea, moto ukianza utajua mapema. Nne ni InciWeb, taarifa rasmi za mioto mikubwa, humo unapata ramani za njia zilizofungwa, ingawa mwisho wa siku wa kuaminika zaidi ni ofisi ya askari wa hifadhi wa eneo lile, piga simu, wanapokea. Tano ni utabiri wenyewe wa hali ya hewa kwenye weather.gov.

Kuna na FIRMS ya NASA, ile yenye vidoti vyekundu vya joto kutoka setilaiti, watu wakiiona wanapata presha. Doti moja haimaanishi moto una ukubwa huo, na setilaiti zinapita mara chache tu kwa siku, inawezekana unachokiona ni cha masaa mengi yaliyopita. Iangalie, ila usiitegemee peke yake.

Anga lote rangi ya chungwa, jua kama pilipili, lakini ramani inasema hewa kijani. Nani muongo?

Hakuna muongo. Moshi unaweza kuwa juu sana, kilomita kadhaa, unapita zake kwenda nchi nyingine, unalipaka jua rangi lakini haushuki puani kwako. Kwenye modeli utakuta ramani mbili, moja ya moshi wa karibu na ardhi na nyingine ya moshi wote uliopo kutoka chini mpaka juu angani. Wengi wanafungua hii ya pili kwa sababu ndo inatisha. Wewe safari yako ipange kwa ile ya karibu na ardhi. Kumbuka tu kwamba ukipanda mlima unaufuata ulipo, na jioni hewa ikipoa unaweza ukashuka wenyewe ukukute.

Utabiri unasema mvua asilimia 30, niende nisiende?

Asilimia 30 maana yake pale ulipobonyeza kuna nafasi tatu kwa kumi ya kupata japo tone la kupimika katika kipindi hicho. Haikwambii itanyesha kwa asilimia 30 ya siku wala haikwambii itakuwa kubwa kiasi gani.

Kosa kubwa zaidi ni kuandika jina la mji. Leavenworth iko kama mita 350 kutoka usawa wa bahari na maziwa ya Enchantments yapo juu ya mita 2,000, na hewa inapoa kama nyuzi 6.5 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo mjini wanakula aiskrimu wewe juu unatetemeka. Kwenye weather.gov usiandike jina, sogeza ramani ubonyeze pale pale utakapolala, afu angalia mwinuko uliotajwa kama unafanana na wa kambi yako, kwa sababu kisanduku kimoja kinabeba eneo la kilomita mbili na nusu hivi na milima ya huku ndani ya kilomita mbili unaweza ukawa umetoka bondeni ukafika kileleni.

Na kuhusu siku ngapi mbele: siku tatu naziamini, siku tano nazisikiliza, siku kumi ni kama kurusha shilingi. Ukitaka kujua watabiri wenyewe wana wasiwasi kiasi gani, soma yale maelezo marefu wanayoandika kila siku, yanaitwa Forecast Discussion, humo wanasema wazi kabisa kwamba modeli hazikubaliani. Mi nayasoma kama watu wanavyosoma habari za Simba na Yanga.

Red Flag Warning ndo nini? Niogope?

Ndiyo, ogopa. Ni ilani ya kwamba upepo, ukavu na joto vimekutana na moto ukianza utakimbia, ama ndo imeshaanza ama ni ndani ya siku moja. Ikiandikwa Fire Weather Watch ujue ndo inanukia, siku mbili tatu mbele.

Upande wetu wa magharibi, cha kuogopwa ni upepo wa mashariki. Kawaida tunapata hewa ya baharini, ya baridi na yenye unyevu, lakini kuna siku upepo unageuka, unashuka milima kutoka upande mkavu, unapata joto ukishuka, na misitu yetu hii mibichi inakauka ndani ya siku moja. Moto wa Bolt Creek ulikuwa hivo, Septemba 10, 2022, Jumamosi, ilani ilishatolewa, moto ukaanza alfajiri karibu na Skykomish na barabara kuu namba 2 ikafungwa. Kulikuwa na watu wameshapanda mlimani asubuhi ile wakaponea chupuchupu. Kwa hiyo sheria yetu ya upepo wa mashariki haina mjadala: ukitajwa na ilani ipo, tunaenda pwani au hatuendi, hata kama asubuhi hiyo hewa ni kijani tupu na anga la bluu.

Kule ndani hakuna netiwaki, nitajuaje hali imebadilika?

Kifaa cha setilaiti, inReach au kinachofanana nacho, na mtu nyumbani anayejua kusoma ramani ya moshi. Kifaa chenyewe kinaweza kukuletea utabiri wa mvua na upepo, lakini habari za moto naona bora mtu. Kwetu ni mke wangu, tumekubaliana kila siku saa 12 jioni anatuma ujumbe mmoja mfupi: namba ya hewa, upepo unatoka wapi, moto mpya upo au haupo. Asipotuma tunajua kuna jambo na tunatuma sisi. Simu mpya nazo siku hizi zinaweza kuomba msaada kwa setilaiti, iPhone kuanzia 14, ni nzuri kwa dharura.

Afu macho yako. Chagua kwenye ramani ya karatasi milima ambayo unajua umbali wake. Kama hewa ni kavu na huwezi kuona zaidi ya kilomita 8, tayari ni mbaya kwa watoto, wazee na wagonjwa, na ukishindwa kuona kitu cha kilomita moja na nusu hiyo ni mbaya kwa kila mtu, fungasha. Kwenye ukungu au mvua kipimo hiki hakifanyi kazi, msije mkatoka mbio kwa sababu ya wingu.

Barakoa inasaidia?

N95 inasaidia ikikaa vizuri usoni, ya kitambaa na ile ya bluu ya hospitali zinapitisha zile chembe. Wenye ndevu, samahani sana, hewa inapita pembeni. Ila jaribu kupanda mlima na N95 na begi zito uone, ndani ya dakika kumi umeitoa. Mi naibeba kwa ajili ya kutokea, siyo ya kuendelea na safari.

Mwanangu ana pumu lakini anatamani sana kwenda.

Muulize daktari wake, siyo mimi. Ninachoweza kusema ni tunavyofanya sisi: mwenye pumu akiwa kwenye kundi, namba ya kundi zima inashuka, ikipita 100 hatuendi. Dawa yake ya kuvuta inakaa mfukoni mwake mwenyewe, haikai chini ya begi la mtu mwingine aliyetangulia mbele. Na watoto wanavuta hewa nyingi ukilinganisha na ukubwa wao, kwa hiyo mtoto asiyelalamika siyo kipimo.

Hema niweke wapi kama kuna moshi kidogo?

Usiku hewa ya baridi ni nzito, inateremka bondeni na moshi nao unakwama humo kama maji kwenye sufuria yenye kifuniko. Asubuhi ndo pabaya zaidi, jua likishapasha joto ardhi hewa inapanda na moshi unainuka, kuanzia saa nne tano hivi unaona tofauti. Kwa hiyo kambi ya begani mwa mlima mara nyingi ni bora kuliko ya bondeni kando ya mto. Lakini mchana huo huo ndo moto wenyewe unachangamka, upepo ukiwa unatoka kwenye moto kuja kwako basi jioni utapokea moshi mpya wa siku hiyo. Halafu begani isiwe kileleni, kwa sababu ya swali linalofuata.

Na radi?

Ukiona mawingu yanajenga kwenda juu kama koliflawa kabla ya saa sita mchana, usivuke ukingo wa juu, rudi kwenye miti mifupi inayolingana. Ukisikia ngurumo umeshachelewa. Radi kavu, ile inayopiga bila mvua ya maana, ndo mwanzo wa mioto mingi ya porini huku, tena cheche inaweza kulala ndani ya mti siku kadhaa afu ikaamka upepo ukija, kwa hiyo baada ya usiku wa radi siku zinazofuata uangalie vizuri.

Tukikutana na moto uso kwa uso?

Moto unapenda kupanda mlima, unakimbia haraka zaidi kupanda kuliko kushuka, kwa hiyo usikimbilie juu yake wala usiingie kwenye makorongo membamba maana moto unapanda humo kama kwenye bomba la moshi. Ondoka mapema kwa pembeni na kushuka ukiweza, ukikwama tafuta mawe matupu, ziwa, au eneo lililokwisha kuungua, na bonyeza SOS bila aibu.

Zaidi ya hapo ni ramani kabla ya kuondoka. Septemba 2, 2017, kule Eagle Creek, Oregon, kijana alirusha fataki korongoni na watu kama 150 wakajikuta wamekatiwa njia waliyoingilia, wakalala huko ndani na kesho yake wakatembea kutokea upande mwingine, Wahtum Lake. Walikuwa na upande mwingine. Mwaka 2020, Creek Fire kule Sierra Nevada ya California, ziwa la Mammoth Pool, njia ya kutoka ilizibwa na moto na zaidi ya watu 200 wakatolewa kwa helikopta usiku. Kila njia tunayochagua sasa nauliza: tukikatiwa hapa, tunatokea wapi? Kama jibu halipo na ni Agosti, tunachagua nyingine.

Tunaweza kuwasha moto wa kambi tukachoma mahindi?

Kiangazi, hapana, karibu kila mahali juu kule ni marufuku. Jiko la gesi lenye kitufe cha kufunga huwa linaruhusiwa, majiko ya spiriti yasiyozimika kwa kitufe mara nyingi hayaruhusiwi. Mahindi mtachoma kwangu.

Njia iliungua mwaka jana, si sasa ndo salama hakuna cha kuungua tena?

Miti iliyokufa inaanguka bila kupiga hodi, hasa upepo ukivuma. Chini kuna mashimo ambako mizizi iliungua. Mvua kubwa ikipiga mteremko ulioungua, matope na mawe yanashuka yote pamoja. Ukipita, pita asubuhi kusiko na upepo, usipumzike hapo na usilale hapo. Majivu yataziba kichujio chako cha maji, kwa hiyo chuja ukiwa umeyaacha maji yatulie kwanza.

Na huko nyumbani, Kilimanjaro, kuna haya mambo?

Yapo. Oktoba 2020 moto ulianzia Whona, pale wapandaji wanapopumzika kati ya kambi za Mandara na Horombo, ukachoma vichaka vya juu kwa siku nyingi, na Oktoba 2022 ukaanza mwingine karibu na kambi ya Karanga. Miezi mikavu ambayo wageni wanaipenda ndo hiyo hiyo majani yamekauka. Tofauti ni kwamba kule huendi peke yako, lazima uwe na muongozaji, kwa hiyo muulize kabla hujalipa: njia ikifungwa tunahamia ipi, na hela yangu inakuwaje? Mama yangu yeye hana haja ya apu, anatoka nje asubuhi anautazama mlima, kama hauonekani anajua.

Safari ijayo lini?

Ijumaa ya pili ya Agosti. Uamuzi tunafanya Alhamisi saa 3 usiku kwa simu, kila mtu awe ameshaangalia ramani mwenyewe. Leteni mabegi mawili, la mlimani na la pwani, maana mwaka jana kuna mtu alikuja Olympic na viatu vya theluji.